Mtunza stoo wetu anastaafu Desemba: naomba tumuage kwa ngoma aliyotufundisha, na ngoma hizo ziingie kwenye makabidhiano

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi Desemba mtunza stoo wa shule yetu, ambayo ni shule kongwe ya sekondari ya bweni mkoani Mwanza, anatimiza umri wa miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Alipofika 55, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kuondoka kwa hiari, wenzake kadhaa walichukua barua zao wakaenda kulima, yeye alibaki. Barua yake ya kustaafu itasema kwamba alipokea mahindi, maharage, chaki na sabuni, akavitunza na kuvitoa kwa hati, na kwamba leja zake hazikuwahi kutiliwa shaka na mkaguzi. Yote hayo ni kweli. Lakini kwa sisi tuliopita pale tangu miaka ya tisini, pamoja na vijana wa vijiji vinavyoizunguka shule, mtu huyu ndiye aliyetufundisha ngoma, na wengi wetu hatukupata mwalimu mwingine wa sanaa maishani.

Jina lake silitaji kwa makusudi. Hapendi kutangazwa, na kila aliyesoma pale ameshamtambua.

Kamati ya kumuaga imeundwa, nami ni mjumbe wake kwa upande wa wanafunzi wa zamani. Katika kikao cha kwanza yalitolewa mapendekezo yale tuliyoyazoea: mgeni rasmi, risala, pilau na soda, kabati la vyombo, picha ya pamoja. Sipingi hata moja, na mabati ya kumalizia nyumba yake kijijini anayahitaji kweli. Ninachoomba ni kwamba shughuli yenyewe iwe ngoma, ichezwe uwanjani na vizazi vyote alivyovifundisha, na kwamba siku atakapokabidhi funguo za stoo akabidhi pia ngoma, nyimbo na kazi ya kufundisha kwa mtu anayejulikana. Jambo hili la pili ndilo linalonikosesha usingizi, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Ngoma aliyotufundisha ni bugobogobo. Kwa wasiotoka Usukumani, hiyo ni ngoma ya jembe. Asili yake ni vikundi vya vijana waliokuwa wakilima mashamba kwa zamu, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, huku ngoma kubwa ikipigwa pembezoni ili mikono yote ishuke kwa pamoja. Pamba ilipoenea Usukumani wakati wa ukoloni, kazi ya jembe iliongezeka na vikundi hivyo vikatafutwa zaidi. Baadaye plau ya ng'ombe na trekta vilipunguza haja ya kulima kwa ngoma, lakini uchezaji ulibaki ukahamia kwenye sherehe, na leo hii vijana hurusha majembe juu na kuyadaka kwa mpini bila kupoteza pigo hata mahali ambapo hakuna shamba.

Sasa, anayetoa majembe shuleni ni mtunza stoo. Shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi, na msimu wa kilimo ukifika wanafunzi walipanga mstari mlangoni kwake kila Jumamosi asubuhi. Waliosoma mwanzoni mwa miaka ya tisini wanasimulia kwamba alichoshwa na manung'uniko ya mstari ule, akaleta ngoma moja kutoka kwao, akaiweka kwenye kona ya shamba na kuanza kuipiga. Mwalimu wa Elimu ya Kujitegemea hakumzuia, kwa kuwa eneo lililolimwa siku ile lilimshangaza hata yeye. Mwaka uliofuata kikundi kilikuwa kimeshaundwa, kikiwa na ratiba, viongozi na wimbo wake wa kuingilia uwanjani.

Ufundishaji wake una utaratibu, nami nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ndio unaoweza kupotea upesi kuliko kitu kingine chochote. Mwanafunzi mpya hapewi jembe. Kwanza anasimama karibu na ngoma kubwa akiwa amefumba macho, na kazi yake yote ni kushusha mguu wa kulia pale tu pigo zito linapoanguka. Anaweza kukaa kwenye somo hilo juma zima huku wenzake wakimcheka. Akishaweza, anapewa mpini mtupu wa kurusha, na anaambiwa asiufuate kwa macho, kwa sababu anayetazama mpini huchelewa pigo, ilhali anayesikiliza ngoma hukuta mkono umeshafika mahali pake. Jembe lenyewe huja mwisho, nalo ni lile lililochakaa, ambalo makali yake ameyalaza kwa tupa mpaka hayawezi kukata hata jani. Kwa miaka yote niliyolifahamu kundi lile sikuona mtoto aliyeumizwa na jembe, ingawa mgeni akitazama kwa mara ya kwanza hushika kichwa.

Ngoma nazo anazijua kama daktari anavyowajua wagonjwa wake. Ngozi huichagua mwenyewe machinjioni, akikataa iliyokatwa na kisu cha mchunaji na ile yenye kovu la chapa, kwa kuwa hapo ndipo hupasukia ikivutwa. Ndani ya stoo ameziweka juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali zaidi na magunia ya mahindi, kwa sababu panya anayefuata mahindi humalizia na ngozi. Kabla ya kupigwa hupashwa kwa moto wa mabua, yeye akiigonga kila moja kwa kidole, na huiondoa motoni kwa kusikia tu, bila kuigusa mara ya pili. Nimewahi kumwona mwanafunzi wa kidato cha tatu akiiwahi ngoma kabla ya wakati. Alimrudisha kwa upole, akamwambia asikilize tena, na tena, mpaka kijana akatambua mwenyewe sauti ilipobadilika.

Halafu kuna kauntabuku. Wachache wanafahamu kwamba kwenye rafu ya juu, nyuma ya leja za serikali, ana kauntabuku alizozinunua kwa fedha yake, ambamo ameandika nyimbo alizozikusanya kwa wazee wa vijiji vya jirani: maneno ya Kisukuma kwa mwandiko wa mtunza stoo, ulionyooka na usio na kufutafuta, kijiji wimbo ulikotoka, na pembeni alama zake mwenyewe za kuonyesha manju anaanzia wapi na waitikiaji wanaingia wapi. Zimo nyimbo za kulima, za mavuno, za njaa, za kumsifu fahali na za kumwonya kijana mvivu. Baadhi ya wazee waliomwimbia wameshafariki. Kwa ninavyofahamu, nyimbo kadhaa kati ya hizo hazijaandikwa mahali pengine popote.

Kundi lile halikuwa la wanafunzi peke yao. Jumamosi jioni geti lilikuwa wazi kwa vijana wa mtaani, na hili lilikuwa na maana kubwa kuliko linavyosikika leo. Katika miaka hiyo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kijana aliyemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa alikuwa akiitazama shule kutoka nje ya ua wa minyaa. Mzee wetu aliwaingiza, akawapanga mstari mmoja na wanafunzi wenye sare, na kwenye ngoma hakuna aliyeuliza nani alifaulu. Wapo waliojenga maisha yao kutokana na jioni zile. Mmoja wa vijana hao wa mtaani alikwenda Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kwa sasa anaishi kwa kufundisha ngoma. Wasichana pia waliingia kundini wakati ambapo kwa wazazi wengi jembe la kurushwa lilikuwa la wavulana tu. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na mama zao, akiwa amevaa koti lake la kazi, na akawarudisha mabinti nyumbani kabla ya jua kuzama kila siku aliyoahidi.

Kila ilipowezekana mwezi Juni aliwapeleka Bujora, kituo cha utamaduni wa Wasukuma pale Kisesa, kuona Bulabo, tamasha la mashindano ya ngoma. Wanaojua watanisamehe, lakini ni vema vijana humu wafahamu kinachofanyika pale. Wasukuma wana pande mbili kubwa za uchezaji, Bagika na Bagalu, ambazo simulizi huzirudisha kwa waganga wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Katika mashindano, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Hapo ndipo utaona chatu wakitolewa, vichekesho, mavazi mapya, na nyimbo za kumkejeli mpinzani zilizotungwa usiku uliotangulia. Mzee wetu aliwaambia wanafunzi wasiwatazame wachezaji kwanza, bali wawatazame watu: wanasogea lini, wanaondoka lini, na kitu gani kiliwarudisha. Ni somo la jukwaa ambalo sijalisikia likifundishwa kwa ufasaha zaidi mahali pengine.

Narudi kwenye makabidhiano. Kwa utaratibu wa serikali, mtunza stoo anayeondoka huhesabu mali mbele ya mpokeaji na shahidi, wanalinganisha na leja, wanasaini. Majembe yamo kwenye leja. Magunia yamo, hata ndoo mbovu zinazosubiri kufutwa zimo. Ngoma hazimo, kwa sababu hazikununuliwa na serikali: nyingine alizitengeneza yeye, nyingine zilichangwa na wazazi, moja ilitoka kwa mzee wa kijiji aliyekuwa hana mtoto wa kumrithisha. Kwa karatasi, siku atakapotoka na begi lake, stoo itakuwa imekabidhiwa kamili huku ngoma zikiwa hazina mwenyewe, na mtunza stoo mpya akihitaji nafasi ya kuweka saruji atakuwa na haki ya kuuliza ni vitu gani hivi. Nimeshaona jambo hilo likitokea kwenye shule nyingine, ambayo sitaitaja: mwalimu wa kwaya na ngoma alihamishwa, na baada ya muda ngozi za ngoma zilikuwa zimeliwa na panya na mapipa yake yakatumika kuotea moto.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati na kwa bodi ya shule ni kwamba ngoma, njuga, mavazi na majembe ya kuchezea viandikwe kwenye leja kama mali iliyotolewa zawadi kwa shule, kila kimoja kikiwa na maelezo ya kilikotoka. Kauntabuku zibaki kuwa zake, kwa sababu ni jasho lake, ila tuombe ruhusa ya kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuweka nakala maktaba ya shule na Bujora. Na katika hati ya makabidhiano litajwe jina la mtu atakayeendelea kufundisha, kwa kuwa ngoma iliyoandikwa kwenye leja bila mwalimu itatunzwa vizuri na kunyamaza.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu

Nashukuru kwa michango mingi, hasa kutoka kwa waliosoma pale kabla yangu. Nitajibu yale yaliyojirudia.

Mchangiaji mmoja, ambaye ni mzazi, ameeleza wasiwasi kwamba ngoma za Bagika na Bagalu zinahusishwa na dawa, na kwamba shule si mahali pake. Ni wasiwasi wa kweli na sitaupuuza, kwa sababu ni kweli kwamba simulizi za chanzo cha pande hizo zimejaa dawa, na wapo wachezaji hadi leo wanaozitumia ili kuvuta watu. Mzee wetu alilijua hilo kabla yetu. Sharti lake la kwanza kwa aliyejiunga lilikuwa kuacha hirizi nyumbani, na alimwondoa mpigaji hodari sana kwa kulivunja. Isitoshe, Bujora yenyewe ilikuzwa na padri Mkatoliki, David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika pale miaka ya hamsini. Ndiye aliyeingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, na Bulabo inafungamana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mkristo anayecheza bugobogobo Usukumani ana mahali pa kusimama, na mzee wetu ni mwimbaji wa kwaya ya parokia yake.

Mwingine ameuliza kama mazoezi hayakuharibu masomo. Utaratibu ulikuwa kwamba kidato cha nne waliacha mazoezi muhula wa mtihani ulipoanza, na aliyekuwa na deni la kazi ya darasani alitumwa darasani na mzee mwenyewe, kwa sababu walimu walimletea orodha. Sitadai kwamba ngoma iliwafaulisha watu. Ninachoweza kusema ni kwamba wapo waliobaki shuleni kwa sababu yake, mimi nikiwa mmoja wao, katika mwaka ambao nyumbani kulikuwa na kila sababu ya kunifanya niache.

Kuhusu hoja kwamba apewe mkataba aendelee kuwa mtunza stoo, sikubaliani nayo. Amefanya kazi ya kubeba na kuhesabu magunia kwa muda wa kutosha, na mgongo wake unamsumbua. Kinachofaa ni bodi imwalike kama mwalimu wa ngoma, mara mbili kwa mwezi, kwa posho ya nauli na heshima, ili amsaidie mrithi wake. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawajaligusa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutumika 2024, imefungua mkondo wa amali katika sekondari, na Sanaa Bunifu ni mojawapo ya fani zake. Serikali inataka sanaa ifundishwe kama kazi ya kumwezesha kijana kuishi. Shule zitatafuta watu wenye ujuzi huo, zitatafuta vifaa, zitatafuta namna ya kumpanga mwanafunzi hatua kwa hatua kutoka asiyejua hadi anayeweza kusimama jukwaani, na vyote hivyo vipo kwenye stoo moja mkoani Mwanza, vikiwa mikononi mwa mtu anayekaribia kufunga mlango. Itakuwa uzembe mkubwa kumpa kabati la vyombo na kumwacha aende.

Fedha: wanafunzi wasichangishwe hata shilingi. Tangu 2016 elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada, na ada za kidato cha tano na sita ziliondolewa 2022. Mzazi asije akasikia kwamba kuna mchango wa kumuaga mtunza stoo. Hili ni letu sisi wa zamani, kwa hiari, kila mtu kwa uwezo wake, na mweka hazina wa kamati atatoa risiti.

Ndugu aliyeuliza kuhusu haki za nyimbo ameuliza swali zuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua pia sanaa za jadi, na nyimbo za wazee ni mali ya jamii iliyoziimba. Kwa sababu hiyo, picha za kauntabuku zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp wala kuwekwa Youtube na mtu binafsi. Nimezungumza na mzee kwa simu kuhusu jambo hili. Amekubali nakala zifanywe kwa sharti kwamba vijiji vilikotoka nyimbo vitajwe, na kwamba familia za wazee walioimba zialikwe siku ya kumuaga. Hakuomba kitu kingine chochote.

Nyongeza ya pili

Bodi imekubali ngoma ziingizwe kwenye leja. Mtunza stoo mpya amesharipoti, na mwalimu wa Kiswahili, aliyewahi kuwa mchezaji wa kundi hilohilo, amekubali jina lake liandikwe kwenye hati kama mlezi. Ameanza kukaa na mzee jioni kupitia zile alama za pembeni.

Mazoezi ya wanafunzi wa zamani yataanza baada ya mtihani wa kidato cha nne kumalizika mwezi Novemba, ili watahiniwa wasisumbuliwe na kelele. Tunahitaji wapigaji wa ngoma kubwa, kwa kuwa waliopo ni wachache na wawili kati yao wapo Dar es Salaam; wenye nafasi kwenye gari wawasiliane na katibu kwa ujumbe wa faragha. Wanaotoka Shinyanga na Simiyu wamekubaliana kukodi basi dogo pamoja. Yeyote mwenye picha za kundi za kabla ya simu za kisasa, hata zilizofifia, azilete. Tutazinakili palepale shuleni na kumrudishia zake. Familia za wazee wanne bado hatujazipata, nazo zilikuwa zikiishi vijiji vya upande wa Magu, karibu na barabara ya Musoma. Mwenye ndugu huko atusaidie kuuliza kabla ya kikao kijacho.